Cherehani Isiyoruka Mshono

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikakatika saa mbili na nusu, na mawingu yakabaki juu ya mabati mpaka jioni.

Msoma mita wa idara ya maji, ambaye mtaani tulimwita Fundi Jumapili kwa sababu ngozi alizishona siku hiyo tu, aliamka akaivua cherehani yake kitambaa. Ilikuwa imefunikwa miaka miwili na miezi minne. Alitia mafuta kwenye vitundu vyote kumi na kimoja, akafuta gurudumu, akaweka sindano mpya. Mnunuzi alikuwa amesema atafika saa nne.

Kwa watu alisema anapunguza tu. Macho yamechoka, sebule imebana, atabaki na sindano za mkono ajishonee pochi na ala za visu. Mkewe hakuzunguka maneno. "Kitu kimemla ndugu yangu mguu, halafu kinakaa sebuleni kimefunikwa kama maiti. Kitoke."

Ndugu mwenyewe tulimwita Mwewe. Alikuwa mpanda nguzo wa mkandarasi mmoja wa kuvuta nyaya za umeme. Mkanda wa kujifungia kwenye nguzo aliopewa kazini ulikuwa umechakaa, akamwomba shemeji yake amshonee mwingine. Fundi Jumapili alitafuta ngozi nene ya ng'ombe, akaishona kwa Jumapili tatu, akaitia nta. Mkanda ulivaliwa miezi saba. Kisha mchana mmoja, Mwewe akiwa juu ameegemea nyuma kama wafanyavyo wote, ukaachia penye pete ya chuma. Akavunjika nyonga na paja. Mguu wa kushoto ukabaki mfupi kwa vidole viwili.

Hakuna aliyemlaumu mtu. Palepale hospitalini lilizuka neno, haijulikani kutoka kwa nani, kwamba mashine iliruka mshono, ikaacha pengo bila uzi. Cherehani za ngozi huruka, tena ile ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Familia ililishika neno hilo kwa mikono miwili. Lilimwezesha Mwewe kuja kula pale kila jioni, na lilimwezesha shemeji yake kumtazama akila.

Lakini halikumpa Fundi Jumapili utulivu. Kitu kizito kikidondoka jikoni, kijiko kiliganda mkononi mwake. Akienda kusoma mita alipita vichochoro ili asitembee chini ya nguzo. Na Jumapili alasiri, nyumba ikiwa kimya, aliisikia cherehani ndani ya kitambaa chake: tak, tak, tak, tak, kisha pengo pale ambapo mshono ulipaswa kuwa. Mkewe alisema hasikii kitu. Ule mkanda ulirudi kutoka hospitalini ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na viatu. Aliuficha kabatini, na mara nyingi aliutoa akautafuta ule mshono ulioruka kwa kioo cha kukuzia. Hakuupata. Akajiambia ulikuwa pale palipochanika.

Mnunuzi alibisha hodi saa nne na dakika ishirini. Alikuwa fundi wa viti vya magari, mwanamke wa makamo mwenye viganja vipana, na alikuja na mfuko wa vipande vyake vya ngozi. Alimkuta Mwewe ameshajipa nafasi kwenye kochi, mkongojo katikati ya magoti.

"Karibu, dada," Mwewe akasema. "Leo shemeji anaoza binti, na hata shati la maana hakuvaa."

Fundi Jumapili hakucheka. "Kabla hujakaa, dada, lazima nikwambie. Inaruka mshono."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Kaka yangu, nimezunguka kwa wauzaji mpaka viatu vimeisha. Kwa wote, mashine haijawahi hata kupiga chafya. Wewe wa kwanza kunitangazia ugonjwa."

"Mvumilie," akasema Mwewe. "Huyu biashara hakuisomea. Angeuza samaki, angekuita kwanza uje unuse."

Yule mwanamke akaketi. Alitazama namba za urefu wa mshono, akazizungusha, akapitisha uzi bila kuuliza uende wapi. Akashona ngozi moja, akashona mbili zilizopandana, akashona nne. Cherehani ililia tak, tak, tak, sawasawa, bila pengo. Fundi Jumapili alisimama nyuma yake, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Haijaruka."

"Jaribu penye nundu, ngozi zinapopandana. Panda, halafu shuka."

Akapanda, akashuka. "Haijaruka."

"Nenda polepole zaidi."

"Kaka, unaniuzia au unaninyima?"

"Itaruka tu. Endelea."

Mkewe alitokea kwenye mlango wa jikoni, mikono imelowa, akasimama hapo. Fundi wa viti alikata uzi, akageuza kipande, akapitisha ukucha chini na juu.

"Hii ni nzima kuliko mimi," akasema. "Kitu kimoja tu. Nimeikuta kwenye namba mbili, mishono midogo kabisa. Ngozi nene ulikuwa unaishona kwa namba mbili?"

"Ili ishike."

Fundi Jumapili akaenda kabatini, akafungua mlango wa chini.

"Baba watoto," mkewe akasema, "kiache hicho."

Alikitoa. Aliufungua ule mfuko wa plastiki, akautoa mkanda, akauweka mikononi mwa mgeni. "Basi nitafutie hapa. Mshono uliruka wapi?"

Yule mwanamke aliupeleka dirishani. Aliukunja penye mchaniko, na mwanga wa kijivu ukapenya kwenye matundu, mistari mitatu iliyobanana. Alikaa nao muda mrefu. Alivuta uzi kwa kidole, ukavutika.

"Hapa hakuna mshono ulioruka," akasema. "Mishono imezidi. Mtu ameshona mstari, akarudi juu yake, akarudi tena. Kitambaa ukikipitia mara tatu kinashika. Ngozi si kitambaa. Kila sindano ikipita inakata, na ulichokata hakirudi. Uzi ni mzima, angalia, haujakatika hata mahali pamoja. Ngozi ndiyo iliyokosa pa kushikia, ikachanika kwenye matundu kama karatasi ya stempu." Akaugeuza upande wa pili. "Aliyeushona alikuwa na hofu sana kwa ajili ya mtu wake."

Mwewe, ambaye hata kitandani hospitalini hakukosa la kusema, alitazama ncha ya mkongojo wake.

"Ni mimi niliyeushona," akasema Fundi Jumapili.

Sasa mwanamke akaelewa. Aliutazama mguu wa Mwewe, akautazama mkanda, akauweka juu ya meza taratibu. "Nisamehe, kaka. Sikujua."

"Mimi ndiye niliyekuuliza."

Bei walikuwa wameshapatana kwa simu. Wachukuzi wawili waliibeba cherehani mpaka kwenye mkokoteni, wakaigeuza kiubavu mlangoni ili ipite. Fundi wa viti aliagana na mama mwenye nyumba kwa kumshika mikono yote miwili, akaondoka.

Chakula cha mchana kililiwa nusu. Baadaye Fundi Jumapili aliketi akitazama ukuta palipokuwa na cherehani, na akaisikia tena. Safari hii haikuwa na pengo. Tak, tak, tak, karibu karibu, ikifika mwisho, ikarudi, ikarudi tena. Aliinuka akafungua redio, akaifunga.

"Shemeji," Mwewe akasema kutoka kwenye kochi.

"Naam."

"Ile Jumapili ya tatu nilipita hapa nikakukuta unamalizia. Nikakwambia piga na mstari mwingine, mimi mwili wangu mzito. Hukumbuki?"

"Sikumbuki."

"Nilisema."

Fundi Jumapili alimtazama usoni. Huenda ilikuwa kweli, huenda ulikuwa uongo aliopewa kama zawadi. Hakuuliza.

Mkewe aliketi kati yao, kwenye kigoda. "Basi yameisha," akasema. "Imekwenda, yameisha."

"Hayajaisha. Ningekuwa na mashine mbovu, yangeisha." Sauti yake ilishuka. "Si mkanda mmoja tu niliopitia mara tatu, mama. Kila kitu cha kubeba uzito nilikishona hivyo. Nilijiona mwangalifu."

Mkewe akamgeukia. "Vitu gani?"

"Bembea ya watoto wa mwalimu. Mkanda wa kichwani wa yule mchukuzi wa magunia. Mkoba wa mkunga, ule wa chupa." Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Kiti cha kuning'inia cha bibi wa kona. Na hatamu ya punda."

"Miaka yote hiyo vimeshika," mkewe akasema.

"Na mkanda ulishika miezi saba."

Mwewe aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake kabla jua halijazama. Wiki nyingi ilikuwa haijatokea aondoke bila chakula cha jioni, na dada yake alimfungia sahani akaiacha mezani.

Jumapili kulikucha kukavu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Fundi Jumapili alitoka na kisu chake cha kukatia ngozi mfukoni na gunia tupu begani. Alianza kwa mwalimu, aliyemfungulia mlango mswaki ukiwa mdomoni.

"Fundi! Jumapili hii umenikumbuka?"

"Nimekuja kuikata ile bembea."

"Imekukosea nini?"

"Yenyewe haijakosa. Mimi ndiye niliyekosea kuishona. Watoto wasipande tena."

Aliikata mikanda yote miwili, akamwonyesha mwalimu matundu, akaitia guniani. Watoto walikuwa wameamka, wakamtazama dirishani kama mwizi. Akawaambia atawaletea ya kamba, akashika njia ya kwenda kwa mchukuzi, kwa sababu huyo hupakia magunia hata siku za mapumziko.

Alipofika kwenye kona alisikia mkongojo ukigonga lami nyuma yake, haraka haraka.

"Punguza mwendo, shemeji," Mwewe akamwita, akihema. "Au unataka univunje na huu mwingine?"

Alisimama. Alimngoja mpaka akamfikia, akampa upande mmoja wa gunia ashike, wakaenda pamoja kubisha kwa mchukuzi.