Maoni ya Nyuma ya Pazia

Mimi nikisoma kitabu siwezi kukaa kimya. Nikifika mahali pa kunichukiza nagombana na watu wa kitabuni mpaka wajukuu wanakuja kuchungulia bibi anazozana na nani. Tabia hiyo niliipata usichanani, Kituntu huko Karagwe, nyumbani kwa baba. Kwetu kitabu kilisomwa kwa sauti, na kila aliyesikia alikuwa na lake la kusema.

Baba alikuwa mtu wa Mrima, kule pwani. Alikuja Karagwe na msafara angali kijana, akafungua duka la kaniki, chumvi na ushanga, akamwoa mama, Mnyambo wa palepale, akabaki. Mbele ya duka alijenga baraza kama za kwao, na baada ya sala ya alasiri majirani walikuja kukaa. Yeye alikunywa kahawa yake. Wao waliitafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa, wakipitishiana kikapu kidogo. Mimi na mama tulikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Msimu wa mvua ukungu ulishuka vilimani ukaingia mpaka barazani, na kuna siku nilisikia sauti ya baba ikisoma wala nisimwone yeye, hata kanzu yake nisiione. Nilidhani ni ukungu unaosoma.

Miaka hiyo Wadachi walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Bukoba. Alikuja kijana mmoja wa Mrima, mfanyabiashara, na katika mizigo yake mlikuwa na kitabu cha hadithi kilichoandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Akamwazima baba. Haukupita muda, akamtuma mzee wa duka la jirani aje kuniposa. Nia yake ilikuwa anioe, na mvua zikikatika anichukue kwao, safari ya miezi.

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Tumalize kitabu kwanza."

Basi kikasomwa, kurasa chache kila alasiri, na kijana mwenyewe hakukosa hata siku moja. Kilikuwa na habari za tajiri aliyevuka jangwa akafika mji wa bustani, akampenda binti wa mjane, akataka kuondoka naye. Jirani yetu mwenye ng'ombe alikikasirikia kitabu tangu mwanzo. Tajiri alileta lulu, akaleta hariri, na mzee akauliza, "Na ng'ombe wako wapi? Huyo hajaoa, ameiba!" Bibi mmoja jirani aliamini kabisa kwamba watu wale wako hai mahali fulani. Asubuhi akienda kuteka maji alipita dukani kuuliza, "Yule binti ameamkaje?" Na baba, Mungu amrehemu, hakumcheka. Alimjibu, "Hajambo, bibi. Bado analia."

Mimi binti yule alinichosha. Siku moja nikasema kwa sauti nyuma ya pazia, "Huyu naye kazi yake kulia tu! Kwa nini haulizi huko anakopelekwa ni wapi?"

Mama alinifinya. Lakini msichana aliyeposwa alikatazwa kutia neno katika posa yake mwenyewe. Posa ya binti wa kitabuni, nani angenikataza? Barazani wakacheka, na sauti ya kijana ikanijibu, "Labda anaogopa jibu."

Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza hivyo, mimi ndani, yeye nje. Nikisema tajiri ana majivuno, yeye husema ni haya, mtu mwenye haya huongea sana. Nikisema mjane ni mkali, husema ukali wake ni hofu. Nilikuwa namenya ndizi za chakula huku nayarudia maneno yake moyoni, ndizi zikinigeukia nyeusi mkononi. Nasema wazi, sina wa kumficha sasa: nilimpenda. Nilimpenda kabla sijamwona sawasawa. Na wakati huohuo sikuweza kumtazama mama, maana wadogo zangu wote wawili aliwazika, na mimi ndiye niliyesalia.  Mama Kiswahili alikisikia vizuri, alimenya tu na kusikiliza.

Ikafika siku ya msafara wa tajiri kuondoka. Macho ya baba yalikuwa yamechoka, akampa kijana asome. Alisoma vizuri, jamani. Mjane alisimama kisimani akitazama vumbi la ngamia mpaka likatulia, akaendelea kutazama mahali vumbi lilipokuwa. Bibi jirani akaangua kilio. Kijana akasema, kwa upole kabisa, "Inauma. Lakini mama atazoea. Watu huzoea."

Kisu cha mama kikasimama.

 Baba alipofungua kinywa hakuwa akizungumza na yeyote. "Mimi nilipoondoka kwetu nilimwambia mama yangu nitarudi baada ya mavuno mawili. Yeye sijui kama alizoea. Mimi sijazoea."

Mama alikuwa ameishi naye umri wangu wote na zaidi, na maneno hayo ndiyo kwanza anayasikia. Niliuona mkono wake ukitafuta kitu chini, usijue unatafuta nini.

Kisha baba akaniita. "Na wewe huko ndani, unamwonaje yule binti?"

Yarabi!  Nikasema, "Naona anampenda sana tajiri wake. Lakini ningekuwa mimi nisingempanda yule ngamia."

Hakuna ambaye hakuelewa.  Kijana alifunika kitabu, akaaga kwa adabu, akaingia ukunguni.

Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Loo, nililia! Nilimshinda binti wa kitabuni. Bibi jirani alipita dukani kuuliza tajiri amekwenda wapi, na mimi sikujua anamuulizia yupi.

Halafu asubuhi moja kijana akatokea, na si dukani. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, shamba la migomba la mama, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni. Mama alipomwona akajificha nyuma ya majani ya mgomba, kwa kuwa kwa Wanyambo mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Yeye naye akageukia pembeni. Kwa Kinyambo kibovu cha kuchekesha akamwomba miche ya migomba apande. Mfanyabiashara wa kupita hapandi migomba. Hupanda anayekaa. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajiziba mdomo kwa kaniki.

Mama akamtajia mahali pa kuchimba miche, yeye akachimba. Alichimba vibaya, mikono ya kushika mizani. Baada ya muda sauti ya mama ikatoka majanini.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko, mama."

"Anajua kwamba unapanda?"

Jembe likasimama. "Hajui."

Mama akatoka majanini. Akamwendea mtu ambaye mila ilimkataza hata kumtazama, akaweka mkono juu ya mkono wake penye mpini, akamwangalia usoni, akamwita, "Mwana wange." Mwanangu. Wakalia wote wawili, wamesimama kando ya shimo lile, na mimi niliyekwisha kupata kila nilichokitaka nikashindwa kutoka mlangoni, maana kule Mrima kulikuwa na mama mwingine anayetazama mahali vumbi lilipokuwa.