Siku Niliyomkatiza Mshenga Wangu

Katika posa, mposaji hasemi. Hilo nililijua tangu utotoni, na baba mdogo, aliyekubali kuwa mshenga wangu, alinikumbusha tena tukiwa njiani kutoka kwetu Bonga kwenda Singe kuposa, tumebanana kwenye bodaboda, mimi nyuma nimepakata blanketi na mfuko wa sukari.

"Ukifika, wewe ni salamu tu," alisema. "Shikamoo yako ikishaitikiwa, funga mdomo. Maneno ni yangu."

Nilikubali. Siku ile ningekubali lolote. Binti niliyekuwa namposa tulifundisha naye shule moja, yeye Historia, mimi Baiolojia. Nilimpenda kiasi cha kukosa usingizi, na nilijua kuwa kwao wameshawarudisha waposaji wengine kabla yangu.

Kilichonitia wasiwasi ni baba mdogo mwenyewe. Ni mkulima hodari na mzungumzaji hodari zaidi, ila hawezi kusimulia jambo bila kulitia chumvi. Nilikuwa nimemfundisha wiki nzima nilichosomea chuo kikuu: jinsi seli za miili yetu zinavyotengeneza na kutunza mafuta fulani ya kwenye utando wake, mafuta yanayopeleka ujumbe. Alikuwa akiitikia, "Nimekupata, nimekupata," huku anapalilia.

Sebuleni tulipokelewa na baba wa binti, shangazi yake, na bibi yake, mama mzazi wa huyo baba, aliyekaa kwenye kigoda pembeni amejitanda shuka. Bibi Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, mengine yote kwa Kiiraqw. Binti hakuwepo. Alikuwa jikoni, kama inavyotakiwa, na nilimsikia akipanga vikombe.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee, baba wa binti, alipouliza, "Tunajua kijana ni mwalimu. Lakini tunasikia chuoni alizama kwenye jambo moja. Jambo gani?"

Baba mdogo akakohoa kidogo, akajiweka sawa. "Mzee, mwili wako wote umejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana. Kila kijumba kina ukuta wa mafuta. Mwenyezi Mungu aliupiga ukuta ule mara moja tu, ukakauka, na hautaguswa tena mpaka siku unazikwa. Kijana wetu ndiye fundi anayeujua ukuta huo."

Shangazi akasema, "Ee!" Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa hotuba nzuri, na nusu yake ilikuwa uongo mtupu.

Kwenye "ukuta" ningevumilia, ingawa seli ya mnyama haina ukuta, ina utando, na wanafunzi huwa nawakata alama kwa kosa hilo. Lakini "ukakauka"! Hapo damu ilinichemka.

"Haukauki!" nilisema. "Ukikauka, umekufa! Unatengenezwa kila siku!"

Vikombe vya jikoni vilinyamaza. Baba mdogo aliangalia dari kama mtu anayetafuta panapovuja. Bibi aliuliza kitu, na shangazi akatutafsiria huku anajizuia kucheka: "Anauliza, huyu kijana anagombana na nani?"

Mzee hakucheka. "Mposaji akimkatiza mshenga," alisema taratibu, "sisi huwa tunafunga mazungumzo. Na tukifunga, si rahisi kufungua." Kisha akamtazama mama yake. "Lakini mama hajaelewa kilichosemwa, na hapa hakuna neno linalotoka kabla yeye hajaelewa. Basi faini yako ndiyo hiyo. Mweleze, mpaka aelewe."

"Mimi habari za seli msinitume," shangazi akawahi. "Muiteni mwalimu mwenzake."

Ndipo binti akatolewa jikoni, mikono ina unga, macho chini. Akapiga magoti kando ya bibi yake. Nikaanza, naye akawa anatafsiri.

Nilisema utando una mafuta ya aina nyingi, na mengi kazi yake ni kuzuia vya ndani visimwagike. Niliyosomea mimi ni kundi dogo sana kati ya hayo. Kila chembe yake ina mikia miwili iliyozama kwenye utando, na kichwa cha sukari kinachochungulia ndani ya seli. Sukari hiyo hutoka kwenye chakula, hata kwenye mahindi na maharage, au seli huitengeneza yenyewe. Wamo vibarua, tunawaita vimeng'enya, wanaobandika alama za kikemikali, fosfeti, kwenye kichwa hicho, na wengine wanaoibandua. Kwa alama hizo seli hujua hapa ni mlangoni, hapa ni ghalani. Homoni ikija kubisha hodi, kibarua mmoja hukata kichwa. Kichwa hutumbukia ndani kupeleka habari, na mikia nayo hubaki kwenye utando ikipeleka habari nyingine.

Nilipaswa kuogopa, na niliogopa. Lakini kumsikia akiyasema mafuta yangu kwa lugha ya nyumbani kwao, akisimama kidogo kutafuta neno, akionyesha mikia kwa vidole viwili vyenye unga, nilifurahi kuliko siku niliyovaa joho la kuhitimu.

Bibi alisikiliza amenikazia macho. Kisha akauliza, na binti akatafsiri: "Kikishakatwa, nani anarudisha?"

"Seli yenyewe, bibi. Mikia inachukuliwa, inapelekwa ndani, inaungwa kichwa kipya, halafu inabebwa tena mpaka kwenye utando."

"Kila siku?"

"Kila saa. Hata sasa hivi tulivyokaa."

"Ikiacha?"

"Kwa nje itaonekana nzima," nilisema. "Ila ikiitwa, haitasikia."

Binti alitafsiri hilo polepole. Bibi akaacha kunitazama mimi, akamgeukia mjukuu wake. Alimuuliza jambo kwa sauti ndogo. Safari hii binti hakutafsiri. Mzee aliangalia chini, na baba mdogo akanikanyaga mguu ili nisije nikasema tena.

Shangazi ndiye aliyetuinamia. "Nyumba hii, bibi ndiye humuuliza binti, na jibu la binti ndilo la mwisho," alinong'ona. "Amemwambia, 'Huyu atakusemesha hivi hivi mpaka uzeeni. Je, umeshachoka naye?' Akisema amechoka, mnarudi Bonga."

Binti akainua macho. Alijibu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Bado, bibi," alisema. "Bado kabisa."