Safu Mbili za Chai Kando ya Lami

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni Jumatano moja ya Mei 1996. Kesho yake baraza la mji lingekutana kupitisha mpango wa kupanua barabara yetu, na katika mpango huo hapakuwa na njia ya waendao kwa miguu wala kwa baiskeli. Lori la majani ya chai lilipokuja, watoto wa shule waliruka mtaroni, na wapeleka maziwa wakawafuata, baiskeli, mitungi na yote. Chebet wangu alikuwa na miaka saba. Kila asubuhi, honi ikilia, moyo ulinipasuka.

Majirani walinichagua nikawasemee. Nilikuwa mjane kijana, nimetoka kuhitimu masomo ya watu wazima, na hotuba yangu niliijenga kwa Kiswahili ambacho diwani mwenyewe asingekifikia. Mama mkwe alinisikiliza nikiikariri, kisha akanishika mkono hadi ukingo wa shamba.

"Mama Chebet, bikoni ya mpaka iko wapi?"

Niliitafuta nguzo hiyo fupi ya wapima ardhi. Ilikuwa ndani ya chai yetu. Safu mbili zilikuwa zimeivuka kuelekea lami. Marehemu alizipanda akiniahidi kwamba zingemsomesha mtoto.

"Kesho utamwomba diwani njia, naye atakuuliza mbona umeikalia. Utamjibu kwa Kiswahili kipi?"

"Mama, hizi ni za mwanao."

"Si mimi niliyemzaa? Nilimkataza. Akaniambia kila mtu anafanya hivyo."

Watu wangesema mjane ameanza kuibomoa nyumba ya mumewe. Hata hivyo tulichukua majembe mchana uleule. Na mzizi wa chai, mwanangu, hautoki kwa kubembelezwa. Jirani mmoja alisimamisha baiskeli akacheka: "Wewe mama, umerogwa ama ni hayo masomo?"

Alhamisi diwani alisema alivyotabiriwa: "Njia ipite wapi, na ninyi mmepanda chai mpaka kwenye lami?"

Nikasimama, hotuba yote imenitoka kichwani. "Mheshimiwa, kwangu pako wazi. Njoo upime."

Majirani walinitazama kwa macho ambayo hadi leo nayaogopa. Mpango ulirekebishwa, lakini njia ilichongwa kwa waliokubali kurudi nyuma tu. Kwingineko Chebet alishuka tena kwenye lami, nami nikaendelea kubisha mlango baada ya mlango, miaka na miaka, nikihofia kwamba ajali ingefika kabla yangu.

Basi sikia, mwanangu. Mpango wa barabara ukibandikwa ofisini, kausome kabla haujapitishwa, uulize mtu wa miguu na mtu wa baiskeli wamewekwa wapi. Uliza hata sauti ikitetemeka. Ila kwanza tazama ua wako umesimama wapi, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayeinama wa kwanza huchekwa. Kubali kuchekwa.

Mungu ailinde miguu yako, na kila mtoto utakayemtuma shuleni arudi jioni akiwa amechoka tu, basi.