Mdomo wa Somoe

Mwanangu, sogea karibu. Kuna siku moja sijaisahau, wala sitaki kuisahau. Ni siku niliyonoa kisu nimchinje sungura wa bibi yangu, kule kwetu Mahege, nikiwa na miaka ishirini na nikijiona najua kila kitu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni na mitumba, na mashine ya kukoboa mpunga ikafika hadi kijijini. Pumba zikawa tele. Bibi, ndiye aliyenilea, alikuwa na sungura jike aitwaye Somoe, amekaa naye mwaka wa nane. Siku zote nilimkatia nyasi bondeni. Mashine ilipokuja nikaona nyasi ni ufukara, nikawa namwekea pumba laini asubuhi na jioni. Nikajisifu kwa vijana wenzangu kwamba hata sungura wetu ameingia maisha mapya. Usicheke, ndio ujana.

Miezi ikapita, Somoe akaanza kukonda. Ukimshika mgongoni unahesabu mifupa. Anasogea kwenye bakuli, ananusa, analamba kidogo, anarudi kujikunyata, kidevu kimelowa mate. Nikasema uzee huo. Alipofika mahali hawezi hata kusimama, hofu yangu ikawa moja tu, asije akafa kibudu. Unajua kwetu mnyama akifa bila kuchinjwa haliwi, ni wa kutupwa. Nikachukua kisu nikaenda kukinoa uani.

Bibi alikuwa haoni vizuri, lakini masikio alikuwa nayo. Na alizoea kuniita mume wake, kama mabibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu.

"Mume wangu, kisu hicho unamnolea nani?"

"Somoe, Bibi. Amezeeka, hataki kula tena. Bora tumuwahi."

"Hataki, au hawezi?"

Nikaendelea kunoa.

"Mdomoni umemtazama?"

"Hapana, Bibi."

"Basi weka kisu, kaa chini."

Akampakata, akapitisha kidole kwenye midomo yake taratibu. Kisha akaushika mkono wangu akanigusisha. Meno ya mbele yalikuwa yamerefuka na kupinda, moja limeingia kwenye ufizi. Meno ya sungura hayaachi kukua, mwanangu. Nyasi ndizo zinazoyasaga, na mimi nilikuwa nimemnyima. Kumbe mnyama wa watu alikuwa anashinda na njaa mbele ya bakuli lililojaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mpeleke kwa bwana mifugo Kibiti," Bibi akasema. "Kisu kiache hapa."

Nikamtia kwenye kapu la ukindu, nikalifunga nyuma ya baiskeli. Lakini kisu nilikificha kiunoni, maana ile hofu ya kibudu haikuwa imenitoka. Njia mchanga mtupu, jua linapanda. Kila kitambo nasimama, natia mkono kapuni nisikie kama bado anapumua. Karibu na barabara kuu sikusikia kitu. Nikamlaza kwenye majani, nikamwelekeza kibla, nikachomoa kisu, nikasema bismillahi. Mkono ukakataa. Nikamkazia macho ubavuni. Nikangoja. Nikaendelea kungoja. Ubavu ukainuka, kidogo tu.

Kisu nilikitupa vichakani, na sikurudi kukitafuta. Nikakanyaga baiskeli huku nalia, kijana mzima na ndevu zangu.

Bwana mifugo alimtazama Somoe, kisha akanitazama mimi.

"Ungekuja kesho ungeniletea ngozi," akasema.

Akayapunguza yale meno kwa kifaa chake, akayasawazisha kwa tupa ndogo. Akaniagiza nyasi changa, maji kidogo kidogo, na pumba basi. Jioni ile, uani kwetu, Somoe alitafuna jani la kwanza. Bibi akaisikia ile sauti ya kutafuna, akatabasamu. Somoe aliishi nasi tena masika yote.

Sasa mwanangu, ninachotaka ukishike ni hiki. Mzee akiacha kula, awe mnyama awe mtu, usikimbilie kusema ni uzee. Kaa naye, mshike, mtazame, ulizia panapouma. Na chakula unachompa, kwanza ujue kama anakiweza, usimpe kwa kuwa kinakupendeza wewe.

Mimi mwenyewe nimeshazeeka. Wiki mbili hizi mnaniondolea sahani ina nusu ya chakula, nawasikia jikoni mnasema mzee siku hizi hali sana, umri huo. Ni jino, mwanangu, hili la kushoto. Nilikuwa nangoja nione nani ataniuliza.

Mungu akupe umri mrefu, na ukizeeka akupe mtu wa kukuuliza.