Krediti Kumi na Mbili za Muuguzi

Kwa miaka kumi na tisa karani wa matokeo aliwahesabia watu shahada ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Aliishia kidato cha nne. Ofisini walimwita Dada Rula, maana alisoma matokeo ya kila mwanafunzi akiwa ameweka rula chini ya mstari, asije akaruka kozi. Hata wahadhiri walimjia kuuliza kanuni, wakijifanya wamepita tu kusalimia.

"Krediti moja ni saa kumi za kazi," aliwaeleza wageni. "Si kukaa darasani tu, hata kusoma kwako nyumbani kumo. Mwaka ni mia moja na ishirini, shahada ni mia tatu na sitini. Vyuo vyote vinapima hivyo, kwa hiyo ukihama, unahama na zako."

Muuguzi mmoja alikuwa amehama na zake. Alisoma mwaka mmoja chuo kingine, akaacha kwa ajili ya uzazi, akaja kumalizia hapa. Sasa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mahafali, na hospitalini usimamizi wa wodi ulimsubiri apate shahada.

Siku mbili kabla ya orodha kufungwa, karani alipitia faili lake. Mia tatu na sitini kamili. Lakini kozi ya takwimu aliyokuja nayo na ile ya uchambuzi wa data aliyosoma hapa zilikuwa na mada zilezile. Namba mbili, majina mawili, somo moja. Na kanuni haihesabu somo moja mara mbili. Sahihi ya kuipokea ile ya kwanza ilikuwa ya karani mwenyewe. Alikuwa amelinganisha namba za kozi tu, mihtasari hakuifungua.

"Funika kombe mwanaharamu apite," jirani yake wa meza akamnong'oneza. "Nani atajua?"

"Mkaguzi. Halafu wamvue cheo mbele ya wauguzi wake?"

Akampigia muuguzi simu. Akaja na sare yake ya kazi, akasikiliza akiwa amesimama.

"Kwa hiyo nimefeli?"

"Hujafeli, mdogo wangu. Nimekosea mimi. Una mia tatu arobaini na nane."

"Mimi nikimpa mgonjwa dozi mara mbili, dada, pole haitoshi."

"Najua. Ndiyo maana nimeandika." Akamsogezea barua kwa msajili: kosa ni la karani, mwanafunzi aruhusiwe kuanza kozi moja muhula huu, ingawa usajili ulifungwa wiki mbili zilizopita.

Muuguzi aliisoma mara mbili, ndipo akavuta kiti. "Mama yangu ameshashona nguo," alisema, si kwa karani hasa.

Msajili aliidhinisha siku iliyofuata, akamwandikia karani onyo. Jina likafutwa kwenye orodha. Muuguzi alipoletewa kozi tatu achague, hakutazama majina.

"Nipe mihtasari yake," alisema. "Yote mitatu."

Wakaisoma pamoja, mada kwa mada, mpaka ofisi ikafungwa.