Kitambaa Cheupe cha Kumpokea Bikira

Nikimsikia mtu anajisifu kwamba imani yake ndiyo iliyomfanya awe alivyo, huwa natamani kumuuliza jambo moja tu: siku imani hiyo ilipokutaka ulipe, ulifanya nini? Mnisamehe, hasira yangu haijazeeka. Ilianza kwenye barabara ya mawe meusi ya volkano, hapa hapa Goma, na inamhusu baba yangu, aliyekuwa katekista, na mimi mwenyewe.

Sisi ni watu wa Butembo. Baba alitulea akituambia kwamba mbele ya Mungu hakuna kabila, na tulipothubutu kumcheka mtoto kwa jinsi anavyosema, alitupiga kidole kichwani. Nilimwamini kabisa. Shuleni wakiniuliza mimi ni mtu gani, nilijibu "Mkristo," tena kwa kiburi, maana jibu hilo lilikuwa halijanigharimu chochote.

Katika shirika letu, yaani lile kundi la majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, sanamu ya Bikira Maria ilitembea nyumba hadi nyumba mwezi mzima wa rozari. Ililala kwenu siku moja, na kesho yake jioni mliibeba wenyewe kwa nyimbo hadi mlango unaofuata, ambako wenyeji waliwasubiri nje na mshumaa unaowaka. Baba aliandika zamu katika daftari lake, lakini hakuna aliyehitaji kulitazama. Mlango ulifuata mlango, kila mwaka.

Mlango uliofuata wetu ulikuwa wa mjane aliyekimbia vita vya Masisi na kupanga nyumba ya mbao. Aliuza makala, yaani mkaa wa kupikia, na nyumbani alizungumza Kinyarwanda na watoto wake. Mama yangu alipolazwa hospitali, ni yeye aliyetupikia sombe, yaani kisamvu, wiki tatu. Lakini mwaka huo waasi, waliosemekana kuzungumza Kinyarwanda, walikuwa wameukaribia mji, na watu wakaanza kuchunguza lugha za majirani zao. Kwanza walinong'ona bombani. Kisha wakaacha kununua makala yake.

Asubuhi ya siku tuliyotakiwa kuhamisha sanamu, mjane alikuja kuazima kitambaa chetu cheupe cha meza, kile chenye maua ya uzi pembeni. Baba alikuwa anakunywa chai.

"Mupatie tu," akaniambia, bila kuinua macho.

Nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema amesugua sakafu tangu alfajiri ili Bikira asikute vumbi la makala.

Jioni sanamu niliibeba mimi. Baba alitangulia akiongoza wimbo. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na mshumaa wake, watoto wamevaa nguo za Jumapili, na nyuma yao nilikiona kitambaa chetu mezani, kimenyooshwa vizuri. Baba akapita. Alipandisha sauti, na wote waliokuwa nyuma yangu wakapandisha zao.

Mimi nikasimama. Mjane alidhani nimebabaika, akanisogelea kidogo.

"Mutoto yangu, ni hapa," akasema taratibu.

Nilijua ni hapo. Mwenyekiti wa shirika akanisukuma mgongoni, kidogo tu, wala hakuhitaji kunisukuma zaidi. Nikapita.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza baba kama alijua. Akasema kamati ilikaa Jumapili na kuona nyumba ile italeta maneno, watu watasema shirika letu linawaficha waasi. Naye alinyoosha mkono kukubali. Basi kwa nini uliniambia nimpe kitambaa, nikauliza.

"We haujue vita," akasema. "Nilitaka mubakiye wazima."

Woga wake naweza kuuelewa, kwa sababu nami niliubeba barabarani pamoja na sanamu. Kinachoniwasha hadi leo ni kwamba alijua tangu Jumapili, akamwacha mwanamke yule asugue sakafu, awavalishe watoto na anunue mshumaa, kwa sababu tu hakutaka kumtazama usoni na kumwambia. Na Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watoto wa katekisimu, akawafundisha yale yale, kwamba mbele ya Mungu hakuna kabila. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa anaamini kila neno, na hilo ndilo ninalolichukia kuliko yote.

Mjane alirudisha kitambaa kesho yake. Alikuwa amekifua na kukipiga pasi, ingawa hakuna kilichowekwa juu yake. Alinishukuru, akauliza kama mama ameamka vizuri. Mwezi haujaisha akahama na magodoro yake. Hakuna aliyemsindikiza, hata mimi.

Siku hizi kila anayetaka kura, au vijana wa kushika bunduki, anakuja kutuuliza sisi ni watu gani. Wanangu wana majibu tayari midomoni, kama mimi wakati ule. Nimewaambia jibu langu, na hawalipendi: mimi ni yule aliyembeba Bikira akaupita mlango uliokuwa wazi. Kitambaa kiko sandukuni, kimekunjwa vile vile alivyokikunja yeye. Sijakitandika tena.