Kiitikio cha Bi Mahfudha

Ko, ko-ko: kijiti kikigonga pembe ya nyati. Sauti hiyo Ummu aliikumbuka tangu utotoni, kwani shangazi yake, Bi Mahfudha, ndiye aliyetunga na kuongoza nyimbo za vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe, katika harusi za kisiwa cha Amu. Mwaka uliofuata uhuru, akili zikamruka. Nduguye Kamaludin, babake Ummu, akamfungia chumba cha ndani, naye akawa anagonga mlango kwa kijiko kutwa kucha.

"Kesho nampeleka hospitali ya wendawazimu huko bara," Kamaludin alisema, akifunga mzigo wa nguo za dadake.

"Baba, mbona shangazi akigonga hunyamaza pale pale kila mara?"

"Lo! Na wazimu nao una mbona?"

Ummu akakaa mlangoni, akasikiliza. Kijiko kiligonga, kikanyamaza, kikaanza upya. Ndipo akakumbuka: katika vugo, kiongozi akimaliza ubeti hungoja wanawake waitikie, wasipoitikia, huurudia. Ummu akaimba kiitikio.

Kijiko hakikuanza tena. Kamaludin aliachia kamba ya mzigo.

"Mwanangu," Bi Mahfudha alinong'ona nyuma ya mlango, "wenzio wako wapi?"